Stubica 1573: Wakulima, Makabaila na Mfalme wa Mbali

Katika masomo ya historia ya maendeleo ya jamii, sura ya ukabaila ndiyo inayopitwa haraka kuliko zote. Mwanafunzi hukariri kwamba kabaila alimiliki ardhi, mtwana akailima, na kwamba mfumo huo ulikufa ubepari ulipokomaa. Akiulizwa mtwana huyo alinyonywa kwa njia zipi hasa, kwa zao gani, na kwa nini aliinuka mwaka fulani na si miaka mia kabla yake, hunyamaza. Nadharia isiyokuwa na mfano ni kama jembe lisilokuwa na mpini. Kwa hiyo tuuangalie mfano mmoja kwa karibu: mji mdogo wa Donja Stubica, katika bara ya Kroatia, na maasi ya wakulima yaliyotokea huko mwanzoni mwa mwaka 1573.

Donja Stubica, maana yake Stubica ya Chini, uko katika nchi ya vilima iitwayo Zagorje, upande wa kaskazini wa mlima Medvednica. Upande wa pili wa mlima huo ndiko uliko Zagreb, mji mkuu. Jirani yake ni Gornja Stubica, yaani Stubica ya Juu, na Stubičke Toplice, penye chemchemi za maji ya moto. Hata leo wakazi wa mji huo pamoja na vijiji vyake ni kama elfu tano tu. Ni nchi ya mizabibu, mahindi, ng'ombe wachache kwa kila nyumba, na mashamba yaliyogawanywa vipande vipande kwa urithi. Hakuna bandari, hakuna mgodi wa dhahabu. Mtu angeweza kudhani kwamba mahali kama hapo hapana jambo la kumfundisha mwanamapinduzi.

Katika karne ya 16 Stubica ilikuwa sehemu ya milki moja kubwa ya kikabaila iliyoitwa Susedgrad na Stubica. Milki hiyo ilianzia ngome ya Susedgrad kando ya mto Sava, mahali ambapo leo ni pembezoni mwa Zagreb, ikazunguka mlima hadi vijiji vya Zagorje. Kroatia yenyewe ilikuwa imebaki kipande chembamba. Mwaka 1526 jeshi la Dola ya Osmani ya Waturuki lililishinda jeshi la Hungaria katika vita vya Mohács na mfalme akafa. Mwaka uliofuata makabaila wa Kroatia walimchagua Ferdinand wa ukoo wa Habsburg, aliyetawala Austria, awe mfalme wao. Tangu hapo mfalme alikaa mbali, na hapa nchini palikuwa na mwakilishi wake aliyeitwa ban, ambaye tunaweza kumwita liwali. Kando ya liwali lilikuwapo baraza la makabaila na maaskofu, jina lake Sabor. Mkulima hakuwa na kiti katika baraza hilo wala hakuwa na mtu wa kumsemea.

KABAILA AINGIA SOKONI

Wakulima wa Stubica walikuwa watwana, yaani watu waliofungwa katika ardhi ya bwana. Walikuwa na nyumba zao, ng'ombe wao na mashamba waliyoyalima kwa ajili yao wenyewe, lakini kwa haki ya kulima mashamba hayo walitozwa mara tatu. Walitozwa kwa mazao: kanisa lilichukua fungu la kumi, naye bwana alichukua mvinyo wa mizabibu yao. Walitozwa kwa fedha. Na walitozwa kwa nguvu za mwili, yaani shokoa, kazi ya shurti katika shamba la bwana, pamoja na kumbebea mizigo yake kwa magari ya ng'ombe wao wenyewe.

Hali hii haikuanza mwaka 1573. Ilikuwapo kwa vizazi vingi, na wakulima waliivumilia kwa sababu ilikuwa na mipaka inayojulikana. Siku za kazi zilijulikana, kiasi cha mvinyo kilijulikana, na baba alimrithisha mwanawe hesabu hiyo pamoja na shamba. Kilichobadilika katika karne ya 16 ni soko. Katika nchi nyingi za Ulaya bei za nafaka, mvinyo na mifugo zilikuwa zikipanda, na kwenye mpaka wa Waturuki yalikuwapo majeshi yaliyohitaji kulishwa kila siku. Zao ambalo zamani kabaila alilila na wageni wake sasa liligeuka kuwa fedha. Mara moja tumbo la kabaila, ambalo lilikuwa na kikomo, likabadilishwa na mfuko wake, ambao hauna kikomo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kabaila alipoona faida alipanua shamba lake mwenyewe, na kupanua shamba maana yake ni kuongeza siku za shokoa. Kisha akaingia katika biashara akitumia mabavu ya dola. Wakulima wa Zagorje walikuwa wamekwisha kuanza biashara ndogo ndogo: waliuza mvinyo na mifugo, walinunua chumvi, walisafirisha bidhaa kwenda na kurudi nchi za Waslovenia. Baadhi yao walikuwa na fedha kidogo na walijua bei za sokoni. Kabaila aliwaona kama washindani. Aliwazuia kuuza mvinyo wao mpaka wake umalizike, aliwalazimisha kununua mvinyo wake kwa bei aliyoitaka yeye, na katika njia na vivuko aliweka ushuru ambao mkulima aliulipa kwa kila mzigo, ilhali mizigo ya kabaila ilipita bure.

Ndugu msomaji atambue kwamba huo haukuwa ubepari. Bepari humnyonya mfanyakazi kwa kununua nguvukazi yake, na mfanyakazi yu huru kumkimbia bwana mmoja na kumtafuta mwingine. Kabaila wa Stubica alitamani faida ya bepari na wakati huo huo aling'ang'ania minyororo ya mtwana. Ni mchanganyiko mbaya kupita kawaida, na katika nchi nyingi za mashariki ya Ulaya ndio uliowakandamiza wakulima kwa karne mbili au tatu nyingine, wakati ambapo magharibi mwa Ulaya utwana ulikuwa unalegea.

TAHI NA MJANE

Mwaka 1564 nusu ya milki ya Susedgrad na Stubica ilinunuliwa na Franjo Tahi, kabaila na askari mwenye sifa aliyekuwa kamanda wa ngome ya Kaniža kwenye mpaka wa Waturuki. Mke wake, Jelena, alikuwa dada wa Nikola Zrinski, yule aliyekufa mwaka 1566 akiilinda ngome ya Siget na kuimbwa kama shujaa na Wakroatia na Wahungaria. Nusu ya pili ya milki ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Hening, na mkuu wake alikuwa mjane aitwaye Uršula, ambaye hakukubali kuwa Tahi alikuwa na haki ya kununua.

Katika mwaka 1565 Uršula aliwafukuza watu wa Tahi kutoka ngomeni kwa msaada wa wakulima. Liwali Petar Erdődy alipokuja na jeshi kumrudisha Tahi, wakulima wa Susedgrad na Stubica wakiwa upande wa mjane walilipiga jeshi hilo likakimbia. Tukio hili halipewi uzito wa kutosha katika masimulizi mengi, nami naona ndilo lililoandaa yote yaliyofuata. Makabaila wenyewe waliwapa wakulima silaha wakamalize ugomvi wa makabaila. Wakulima wakaona kwa macho yao jeshi la liwali likigeuza migongo. Mtu akishajua kwamba bwana naye hukimbia, hasahau.

Tahi alirudishwa kwa amri ya serikali, naye akarudi na kisasi. Mwaka 1567 tume ya mfalme ilifika kuchunguza ugomvi wa makabaila hao wawili, na katika kuchunguza ikawahoji mashahidi kutoka vijijini. Maandishi ya mahojiano hayo yamehifadhiwa. Mashahidi wanaeleza watu waliopokonywa mvinyo, farasi na ng'ombe, watu waliofukuzwa katika mashamba yao, waliopigwa, na wasichana waliochukuliwa kwa nguvu na bwana. Tume iliandika yote hayo kwa kuwa yalimhusu Uršula katika kesi yake. Mkulima aliingia katika daftari za dola kama ushahidi wa mgogoro wa wakubwa, na hiyo ndiyo bahati yetu, maana bila ya kesi ile tusingekuwa na maneno yao hata kidogo.

Sasa lipo swali ambalo wanafunzi huliuliza kila mara wanaposoma habari hizi: je, kama Tahi angekuwa mtu mwema, maasi yangetokea? Waandishi wa zamani walijibu kwamba yasingetokea. August Šenoa, katika riwaya yake mashuhuri juu ya maasi hayo iliyotoka mwaka 1877, alimchora Tahi kuwa mnyama aliyevaa nguo za bwana, na vizazi vya Wakroatia vikalielewa jambo hilo kupitia sura hiyo. Lakini katika karne ya 20 wanahistoria, na hasa Josip Adamček wa Zagreb aliyezichambua hesabu za milki hizo, walionyesha kwamba madai mapya ya shokoa, ukiritimba wa mvinyo na ushuru wa njiani havikuwa vituko vya Tahi peke yake. Vilikuwapo pia katika milki za jirani zenye mabwana wenye sifa nzuri zaidi. Maasi yenyewe yanathibitisha hivyo, kwa sababu yalivuka mipaka ya milki ya Tahi kwa siku chache tu na kuingia katika milki ambazo Tahi hakuwa na amri nazo, mpaka ng'ambo ya mto Sutla kwa Waslovenia. Ukatili wa Tahi ulikuwa njiti ya kiberiti. Nyasi zilikuwa zimekwisha kukauka pande zote.

Kada anayefundisha habari hizi ajihadhari na kosa la kueleza unyonyaji kwa tabia ya mtu. Kosa hilo ni tamu kwa sababu linampa msikilizaji mtu wa kumchukia. Matokeo yake ni kwamba bwana mbaya akifa, msikilizaji hudhani kazi imekwisha. Tahi alikufa mwaka huo huo wa 1573, na shokoa haikupungua hata siku moja.

IMANI KWA MFALME

Kabla ya kushika silaha wakulima walifuata sheria. Mwaka 1572 walituma wajumbe wao Vienna kupeleka malalamiko kwa mfalme Maximilian. Safari hiyo si ndogo: ni kukata vilima na mito mpaka makao ya mfalme, watu ambao baadhi yao hawajui Kijerumani wala kusoma. Mfalme aliwasikiliza na kuahidi kwamba mambo yao yataangaliwa. Walirudi na matumaini makubwa. Lakini mtekelezaji wa amri za mfalme huko Kroatia alikuwa liwali, na liwali alitoka katika tabaka lile lile la Tahi. Mwezi Januari 1573 baraza la Sabor liliwatangaza wakulima wa Susedgrad na Stubica kuwa wasaliti wa nchi.

Usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Januari maasi yalianza. Alama ya waasi ilikuwa unyoya wa jogoo. Huko Stubica wakulima waliunda uongozi wa watu watatu: Ivan Pasanec, Ivan Mogaić na Gubec, ambaye ndiye aliyekuja kupata jina kubwa. Kamanda wa vita alikuwa Ilija Gregorić, mtu mzima aliyewahi kupigana mpakani na Waturuki na kuujua uaskari. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba viongozi hawa hawakuwa mafukara wa mwisho. Walikuwa wakulima wenye shamba na mali kiasi, wale hasa ambao kabaila alikuwa akiwaziba mlango wa soko. Fukara asiye na kitu hufikiri juu ya mkate wa leo. Aliyeanza kupata na akapokonywa, huyo hufikiri juu ya utaratibu wa mambo.

Walitaka nini? Gregorić alipokamatwa baadaye alipelekwa Vienna akahojiwa, na majibu yake pamoja na ya wenzake yanatuonyesha mpango wao. Walikusudia kuwaondoa makabaila na kuweka Zagreb utawala wa mfalme moja kwa moja. Kodi zingekusanywa na wakulima wenyewe. Ushuru wa njiani ungefutwa. Ulinzi wa mpaka dhidi ya Waturuki wangeuchukua wao, kwa sababu, walivyosema, mabwana hawakuujali.

Tuutazame mpango huu kwa makini maana una pande mbili. Kwa upande mmoja umepita mbali ombi la kupunguziwa mzigo. Watu wasio na elimu wala kiti katika baraza lolote walitamka kwamba tabaka zima la makabaila halina kazi: kodi twaweza kukusanya sisi, vita twaweza kupigana sisi, basi wao ni wa nini? Swali hilo ni la kimapinduzi. Kwa upande wa pili, mahali pa makabaila walimweka mfalme. Waliamini kwamba mfalme ni mwema na hajui yanayotendeka, na kwamba wakubwa waliokuwa katikati ndio walioficha ukweli. Hawakuweza kuona kwamba mfalme alihitaji makabaila kuliko walivyomhitaji wakulima. Bila ya makabaila hakuwa na jeshi la Kroatia, hakuwa na mahakama, hakuwa na mtu wa kumkusanyia chochote.

Tusiwacheke kwa hilo. Imani ya aina hiyo imeonekana kwa wakulima wa Urusi katika maasi yao ya karne ya 17 na ya 18, na ilikuwa bado hai Januari 1905, wafanyakazi wa St. Petersburg walipokwenda na picha za mfalme kumpelekea ombi na kupigwa risasi. Mkulima aliyetawanyika katika vijiji, kila mmoja na kipande chake, huona adui aliye karibu. Dola nzima kama chombo cha tabaka haionekani vizuri kutoka kijijini. Ili ionekane panahitajika chama, na kwa chama kuwapo panahitajika tabaka lililokusanywa pamoja na kazi yenyewe. Mwaka 1573 tabaka hilo halikuwapo Zagorje.

SIKU KUMI NA MBILI

Mpango wa vita ulikuwa wa akili. Gubec alibaki Stubica kushikilia kitovu. Kundi jingine lilielekea kusini, upande wa Zagreb. Gregorić alichukua nguvu kubwa kwenda magharibi, akitarajia kuwainua wakulima wa Kislovenia na kuwavuta Wauskok wa milima ya Žumberak. Njiani waasi waliiteka ngome ya Cesargrad, mali ya ukoo wa Erdődy, na wakaingia mji wa Krško kando ya Sava.

Hesabu iliharibika kwa Wauskok. Hawa walikuwa wakimbizi kutoka nchi zilizotekwa na Waturuki, watu wa chini kama wakulima wenyewe, waliopewa ardhi mpakani bila ya shokoa kwa sharti la kuwa askari. Gregorić alidhani kwamba umaskini wao ungewaleta upande wake. Lakini uhuru wao mdogo ulitoka mikononi mwa mfalme na ungeondoka naye, na kwa hiyo walisimama upande wa waliowalipa. Tarehe 5 Februari Wauskok wakiongozwa na Jobst Joseph von Thurn waliwashambulia waasi katika Krško na kuwavunja. Siku iliyofuata kundi la kusini lilishindwa karibu na Kerestinec. Tarehe 8 Gregorić mwenyewe alishindwa, na tarehe 9 Februari jeshi la makabaila liliwakuta watu wa Gubec karibu na Stubičke Toplice.

Jeshi hilo liliongozwa na naibu liwali Gašpar Alapić. Alapić alikuwa mmoja wa wachache waliotoka hai katika ngome ya Siget mwaka 1566. Miaka saba baadaye shujaa huyo wa vita vya Waturuki aliwaongoza wapanda farasi wenye silaha kamili dhidi ya wakulima wenye mashoka, mikuki na bunduki chache, watu ambao kosa lao mojawapo lilikuwa kutaka kuulinda wenyewe mpaka ule ule. Vita vilikuwa vikali na vilidumu masaa kadhaa. Wakulima walishindwa, na askari wakaendelea kuua na kuchoma vijiji.

Aliyekuwa liwali wakati huo alikuwa pia askofu wa Zagreb, Juraj Drašković. Siku chache kabla ya kumwua Gubec, Drašković alimwandikia mfalme kumwomba ruhusa ya kumvika mfungwa taji la chuma, tena la moto, ili awe fundisho kwa wengine. Gubec aliuawa Zagreb tarehe 15 Februari 1573. Gregorić aliuawa mwaka uliofuata, pia Zagreb.

Kwa nini taji? Drašković alidai kwamba wakulima walimfanya Gubec kuwa mfalme wao. Wakulima wenyewe walimwita Gubec-beg, wakitumia cheo cha Kituruki kwa maana ya mkubwa, lakini hakuna aliyesikika akimtangaza mfalme, na mpango wao wote, kama tulivyoona, ulisimama juu ya jina la Maximilian. Wanahistoria kadhaa, Adamček akiwamo, wanaona kwamba habari ya mfalme wa wakulima ilitungwa na watawala. Naafikiana nao. Mtu aliyeasi dhidi ya Tahi angeweza kusikilizwa Vienna. Mtu aliyejivika ufalme hawezi kusikilizwa popote. Shtaka hilo lilifunga mlango wa mwisho ambao wakulima walikuwa wakiutegemea, na kwa ajabu ya historia ndilo lililomfanya Gubec akumbukwe katika nyimbo na picha kama mfalme mwenye taji.

Hata jina lake limebishaniwa. Dunia inamjua kama Matija Gubec, jina lililoenea kutokana na mwandishi wa historia wa Hungaria, Miklós Istvánffy, aliyeandika kwa mtazamo wa makabaila. Adamček alipopekua orodha za walipa kodi za milki alimkuta Ambroz Gubec, wa kijiji cha Hižakovec, kilicho karibu na Donja Stubica hadi leo. Haidhuru. Kwamba daftari la kodi ndilo linalomjua vizuri zaidi kuliko kitabu cha historia ni jambo linaloelekea kabisa.

BAADA YA GUBEC

Utwana uliendelea Kroatia kwa miaka 275 zaidi. Wakulima waliasi tena mara kadhaa, kwa mfano mwaka 1755, na katika 1780 dola iliweka kipimo cha maandishi juu ya kazi na malipo ambayo kabaila angeweza kudai. Mwaka 1848, mapinduzi yalipoitikisa Ulaya nzima, utwana ulifutwa. Mkulima wa Zagorje alipata uhuru na kipande kidogo cha ardhi ambacho hakikutosha, na wanawe wakaanza kuhama kutafuta kazi.

Miongoni mwa waliohama alikuwa kijana wa Kumrovec, kijiji kilicho chini ya ile ngome ya Cesargrad, aliyezaliwa mwaka 1892 katika familia yenye watoto kumi na watano. Mwaka 1907 alikwenda mji wa Sisak kujifunza ufundi wa vyuma. Huyo ni Josip Broz, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Tito, na ambaye wasomaji wenye umri watakumbuka ziara yake Tanzania mwaka 1970. Habari za wakulima walioiteka Cesargrad zilikuwa hadithi za utotoni kwake.

Jina la Gubec liligombewa na wengi. Ndugu wawili Antun na Stjepan Radić walipounda chama cha wakulima mwaka 1904 walipata ndani yake shujaa wa taifa la wakulima. Wakomunisti walipata mwasi wa tabaka. Katika vita vya Hispania kikosi kimoja cha wapiganaji kutoka Yugoslavia kilijiita Matija Gubec, na mwaka 1942 wapiganaji wa msituni wa Slovenia walianzisha brigedi yenye jina la Gubec. Kerestinec nayo iliingia tena katika historia. Mwaka 1941 jumba la kikabaila la mahali hapo lilikuwa kambi ya wafungwa, na baadhi ya waandishi bora wa Chama cha Kikomunisti cha Kroatia, kama August Cesarec na Otokar Keršovani, walifungwa humo na kupigwa risasi mwezi Julai.

Mwaka 1973, maasi yalipotimiza miaka 400, serikali ya Yugoslavia ilifungua Gornja Stubica makumbusho ya maasi ya wakulima. Makumbusho hayo yaliwekwa ndani ya jumba la makabaila wa ukoo wa Oršić, lililojengwa karne ya 18, na mbele yake ikasimamishwa sanamu kubwa ya Gubec akiwa amenyoosha mikono. Mchongaji wake ni Antun Augustinčić, mwenyeji wa Klanjec katika Zagorje hiyo hiyo, na aliyeizindua ni Tito. Miaka miwili baadaye ikatoka filamu ya Vatroslav Mimica juu ya maasi hayo.

Yugoslavia ilivunjika mwaka 1991. Katika miji mingi ya Kroatia sanamu na majina ya barabara ya zama za ujamaa vilibomolewa au kubadilishwa. Gubec hakuguswa, kwa kuwa kila upande ulikuwa na sababu ya kumdai. Anayefika sasa Gornja Stubica atakuta kumbukumbu nyingine pia, ya rubani Rudolf Perešin, mzaliwa wa sehemu hizo, ambaye mwaka 1991 alitoroka na ndege ya kivita ya jeshi la Yugoslavia mpaka Austria. Katika miaka ya karibuni watu wa Donja Stubica hukusanyika kila mwezi wa Februari na kuigiza vita vya mwaka 1573 uwanjani, wengine wakivaa chuma cha makabaila na wengine nguo za wakulima. Watalii huja, na mvinyo huuzwa.

Jiwe la kaburi la Franjo Tahi limehifadhiwa Stubica. Gubec hana kaburi. Karibu na kanisa la Gornja Stubica upo mti mkongwe sana, ambao wenyeji husema kwamba chini yake wakulima walikusanyika kabla ya kuanza, na tangu mwaka 1957 umelindwa kwa sheria. Shina lake limetoboka katikati na matawi yake yamefungwa kwa vyuma yasianguke.